Kumtafuta Wabwire

"Kitabu chenu kinajua kuku aliyeibwa Jumamosi," Annah alifoka, akigonga kaunta kwa kidole. "Kinajua baiskeli iliyopotea. Halafu mtu mzima wa futi sita hakimjui?"

Askari aliendelea kutafuna mandazi. "Mathe, nimeangalia. Hakuna Wabwire hapa. Jaribu kwingine."

Kilikuwa kituo cha tatu, na siku ya tano. Ijumaa polisi walimtia mumewe Wabwire kwenye landrova pale mtaa wa Umoja, mchana kweupe, majirani wamejaa madirishani. Tangu hapo hakuna aliyekubali kusema yuko wapi. Kituo cha kwanza kilimtuma cha pili, cha pili kikamrudisha cha kwanza. Mwaka huo wa tisini na sita, mtu akitiwa ndani alitafutwa kwa miguu, na miguu ya Annah ilikuwa imevimba.

"Angalia tena, afande. Ijumaa, saa tisa mchana."

"Waliokamatwa Ijumaa, kuna mmoja aliachiliwa jana. Pengine ndiye, saa hii yuko nyumbani anakungoja, na wewe unatuchosha hapa."

Annah alishika kaunta kwa mikono miwili.

"Huyo aliyeachiliwa anaitwa nani? Nisomee jina."

Askari alifunua ukurasa kwa kidole chenye mafuta, akasoma. Hakuwa Wabwire. Annah alishusha pumzi, kisha hasira ikampanda upya. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu alikuwa ameshiba kweli. Alitamani kumpokonya lile andazi alitupe barabarani.

Nje kulikuwa na kibanda cha simu. Dada yake Ayuma aliuza katika duka la Mzee Idarusi huko mtaa wa Tena, na duka lilikuwa na simu. Mitchelle, binti wa Annah wa miaka tisa, alikuwa kwa Ayuma tangu Ijumaa.

"Umempata?" Ayuma aliuliza hata kabla ya salamu.

"Bado. Mtoto amekula?"

"Wapi! Uji wa asubuhi uko vile vile. Anauliza tu, mama amemwona? Jana nilimdanganya kwamba umemwona, akanitazama tu, akalia. Annah, huyu mtoto ataisha."

Annah alirudisha mkono wa simu kwa kishindo. Alikuwa na hasira na polisi, na Ayuma, na simu yenyewe, na Mungu kidogo.

Kwenye benchi la nje ya kituo alikaa mama mmoja, Batulo, amepakata bakuli la wali lililofungwa kwa kitambaa. Mwanawe alikuwa ndani.

"Dadangu, hawa usiwabembeleze," Batulo alimwambia. "Mimi walinizungusha wiki mbili. Wanaweza kumficha mtu kituo hiki na kile, lakini siku moja lazima wamfikishe kwa hakimu. Kesho amkia kortini, usome orodha kwenye ukuta, pamoja na zile za siku zilizopita. Ukikuta keshasomewa mashtaka, nenda rumande moja kwa moja." Akamshika mkono. "Mungu akurudishie mumeo salama."

Annah alimshukuru kwa ushauri, akaondoka. Dua yake hakuiitikia amina.

Jumatano alifika kortini kabla lango halijafunguliwa. Alisukumana na watu, akapitisha kidole kwenye majina, karatasi moja baada ya nyingine. La kumi na tisa lilikuwa Wabwire. Alifikishwa Jumatatu.

Jumatatu! Siku hiyo kituo cha pili kilimwapia kwamba hakijawahi kulisikia jina hilo. Annah aliwalaani pale pale, kwa Kiluhya na kwa Kiswahili, mpaka karani mmoja akatoa kichwa dirishani kumtazama. Hakujali. Alishika njia ya rumande.

Huko alimkuta Sajini Nyamai, mzee wa miwani, mwenye rejista pana kama meza. Huyu hakumzungusha. Alisoma taratibu, akainua uso na kutabasamu.

"Wabwire yuko. Na habari ni njema, mama. Hakimu amempa dhamana, anahitaji tu mtu wa familia wa kumdhamini. Chukua karatasi hii, rudi nayo kortini utie sahihi, na jioni mtakula pamoja."

"Kwanza nimwone," Annah alisema. "Kwa macho yangu."

Alimwona nyuma ya wavu. Ndevu zilikuwa zimeota na viatu hana, lakini tabasamu lilikuwa lile lile.

"Annah, mke wangu. Nilijua tu utakuja. Karatasi umepewa?"

Annah alimtazama kutoka utosini hadi vidoleni. Akautazama wavu, akautazama mlango wa chuma ulio nyuma yake, kisha askari aliyeshika funguo. Alipomaliza, aligeuka akaenda zake.

"Annah! Wewe Annah! Ninakuita!"

Alipofika langoni, karatasi ya dhamana ilikuwa vipande vidogo vidogo chini ya viatu vyake. Kibanda cha simu kilikuwa ng'ambo ya barabara. Sarafu ilimponyoka mara mbili kabla ya kuingia.

"Ayuma, nimemwona. Amefungiwa, na hatoki leo wala kesho. Kimbia nyumbani. Mwambie Mitchelle sasa anaweza kutoka uvunguni mwa kitanda."