Hita ya Laurel Fork

Tik. Tik. Tik.

Mchungaji Hollis Pruitt alinyamaza katikati ya sentensi. Hakuhitaji kugeuka. Hita ya gesi ilikuwa imezimika tena, na Shemasi Burl Stamper alikuwa amepiga magoti mbele yake akibonyeza kitufe cha kuwashia.

"Endelea tu, Ndugu Hollis," shemasi alisema. "Inakuja."

Aendelee na nani? Viti vya mbele, videvu vifuani. Viti vya nyuma, midomo wazi. Moto uliposhika, Burl alirudi mahali pake, na kabla Hollis hajamaliza aya moja naye akawa amelala kama wenzake.

Hollis alikuwa na miaka ishirini na sita. Alijifundisha kuhubiri mwenyewe, zizini, mbele ya ng'ombe wa baba yake, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba hana kipaji. Kanisa la Laurel Fork lilikuwa limempa miezi mitatu ya majaribio. Jumapili iliyofuata wangepiga kura: abaki au aondoke.

Ibada ilipokwisha, alimfuata Burl mezani, kwenye maharage na mkate wa mahindi.

"Hita yako inaniulia ibada, Shemasi."

"Hita haina kosa. Nimeifunga kwa mikono yangu."

"Haina dohani! Kila inachokitoa tunakivuta sisi. Nawe umeziba madirisha yote kwa nailoni."

"Huku milimani tunaziba madirisha kila Novemba tangu enzi za babu yangu. Ukitaka upepo, kahubirie juu ya paa."

Meza nzima ikacheka. Hollis alihisi masikio yakiwaka moto.

"Kila Jumapili inajizima yenyewe. Jumatano, kwenye maombi ya watu wachache, inawaka saa nzima. Hilo hulioni?"

"Jumatano hakuna mahubiri," Burl alisema, akajiongezea mkate.

Alhamisi Hollis alimleta Maybeth Combs, fundi wa gesi. Maybeth alilala kifudifudi mbele ya hita, akamulika tochi, akaguna.

"Nani kafunga hii?"

"Shemasi."

"Ni ya ukumbi mara mbili ya huu. Vumbi limejaa ndani. Na haya magogo ya bandia ya kupambia moto mmeyapanga ovyo, moto unayalamba na kutoa masizi." Aliinuka, akapangusa magoti. "Unajua kwa nini inazimika? Ina kidude kinachopima oksijeni. Ikipungua, kinakata gesi. Watu sitini, madirisha yamezibwa, kidude kinawaambia tokeni nje, nyie mnawasha tena!"

Hollis nusura amkumbatie. "Kwa hiyo ndiyo inayowalaza!"

"Inawezekana. Kuna anayelalamika kichwa? Kichefuchefu?"

"Hapana. Wanalala tu."

"Wanaamka saa ngapi?"

"Nikisema amina."

"Wote?"

"Wote kwa pamoja. Halafu mbio kwenye chakula."

Maybeth alimtazama, kisha akafungua mkoba wake wa spana.

Hadi jioni alikuwa ameng'oa hita ile na kufunga ndogo, ya kipimo cha ukumbi ule. Alipachika ukutani king'ora cha gesi ya sumu, akaagiza madirisha mawili yaachwe wazi kiasi cha vidole viwili kila hita inapowaka. Nailoni alizichana Hollis mwenyewe, pande kwa pande, huku Burl amesimama mlangoni na mikono kifuani.

"Jumapili mtanisikia kwa mara ya kwanza," Hollis alimwambia.

"Sawa. Wakikaa macho, kura yangu unayo, na wengi hupiga ninavyopiga mimi. Wakilala, kijana, anza kufunga mizigo."

"Na Dada Maybeth atakaa hapa kando ya hita na kipimo chake cha gesi, asije mtu akatafuta kisingizio."

"Nije kanisani?" Maybeth alishtuka. "Haya. Lakini hiyo nitaitoza kama kazi."

Jumapili, saa tano asubuhi, ukumbi ulijaa. Moto ulikuwa wa buluu, umetulia, haukuzimika hata mara moja. King'ora kilikaa kimya. Upepo mwembamba wenye harufu ya theluji ulipita madirishani. Hollis alifungua daftari lenye kurasa thelathini na moja, akaanza kwa sauti ambayo hata ng'ombe hawakuwahi kuisikia. Alipanda, akashuka, akanong'ona, akanguruma. Kwenye ukurasa wa tisa alipiga mimbari ngumi, akainua macho kuwatazama.

Burl alikuwa amelalia bega la jirani yake. Nyuma yake, safu kwa safu, vichwa vilikuwa vimeinama kama mahindi baada ya mvua ya mawe.

Hollis alimgeukia Maybeth kwa hasira, amtajie kipimo kinasema nini. Kipimo kilikuwa mapajani mwake, kikisoma sifuri. Maybeth alikuwa akikoroma.

Katika ukumbi mzima, aliyekuwa macho ni Bibi Zelphia peke yake, kando ya dirisha lililo wazi, akitetemeka ndani ya makoti mawili.

"Usinitazame mimi, mwanangu," alisema. "Baridi ndiyo inayoniweka macho."

Hollis alilifunga daftari, kurasa ishirini na mbili zikiwa bado.

"Nakuahidi, bibi," alisema kwa sauti, "mkinibakiza hapa, sitahubiri tena kupita dakika kumi na tano."