Bangili ya Uhakika

Nikutegee, mjukuu wangu: nina taa nyumbani, haimuliki hata sindano iliyoanguka, lakini sote tunanong'ona kwa ajili yake. Umeshindwa? Ni bangili ya babu yako.

Siku hizi mwenye saratani ya tezi dume hatibiwi mpaka achague mwenyewe, kisu au mionzi, na bangili aliyovishwa hospitali iwake kijani anapotamka. Ikiwaka nyekundu, hana uhakika, anarudishwa nyumbani. Babu yako karudishwa tena na tena, na ugonjwa haumngoji.

Kila mgeni ana lake. Wifi yangu Mwanakombo alikuja na uji wake, hata hajakaa, akasema, "Kaka, kisu usikubali!" Bangili ikawa nyekundu kama pilipili. Basi nikaanza kuwafungia watu mlango. Mimi, nimfungie wifi mlango, kaja kumjulia hali nduguye! Nimechoka, mjukuu wangu.

"Baba Zuhra, unaogopa nini?" nilimwuliza babu yako.

"Niogope nini, mwanamume mzima? Niache, bibi we!" Akaificha bangili kwapani.

Leo asubuhi tukitandika kitanda nikamwuliza tena. Akashika pembe ya shuka, asiiachie. Bangili iliwaka nyekundu, na safari hii hakuificha.

"Daktari kasema kisu au mionzi, vyote vyaweza kunifanya nishindwe kuzuia mkojo," akasema. "Naogopa nitalowesha hapa, nawe utafua, na hutasema kitu."