Wa Tatu

Kishindo kilitoka ndani ya gari-nyumba, puu, kama kitu kilichoruka kutoka kitandani. Hilo lisingekuwa neno, ila Vern na Dot Haskett walikuwa nje, kwenye viti vyao vya kukunja, na mbwa wao wote wawili, Duke na Mabel, walikuwa wamelala miguuni pao.

Lorraine, jirani wa kiwanja cha pili, akasimama. Alikuwa akimsukuma mbwa wake, Duchess, ndani ya kigari cha mtoto, amemvalisha sweta la waridi.

"Mmesikia hicho?"

"Jokofu," alisema Vern. "Likizima linapiga teke."

Lorraine aliyatazama mapazia. Mchana kweupe, na yote yamefungwa. "Mimi nilikuja hapa kwa ajili ya utulivu," alisema. "Hakuna muziki, hakuna vitoto vya kupiga kelele. Sitaki kuanza kuzoea majokofu." Akaendelea na safari, Duchess akiwaangalia Duke na Mabel kama malkia anayepita sokoni.

Langoni mwa kambi palikuwa na kibao chenye picha ya mbwa anayecheka na neno KARIBUNI. Chini yake, kwa maandishi ya kuumiza macho: wakazi wawe na miaka hamsini na tano kwenda juu; jenereta zizimwe usiku; mbwa wasizidi wawili kwa kiwanja; mvunja sheria anaondoka siku hiyo hiyo.

Akina Haskett wangeondoka na nini? Nyumba waliiuza ili wanunue gari-nyumba waione Marekani yote. Giaboksi ikafa hapo hapo San Diego, chini ya njia ya ndege. Sasa walikuwa wasafiri kama kabati lilivyo msafiri.

Na kama shida ni kupakia tu, wangepakia. Shida ilikuwa Pepper. Binti yao Denise ndiye aliyewaachia, siku alipoingia hospitali. Alisema wiki mbili, ukapita mwezi. Siri ikifichuka, Vern na Dot wangetafuta pa kulala, lakini Pepper angechukuliwa na watu wa kaunti, na kumtoa mikononi mwao si mchezo.

Kwa hiyo Pepper hakukanyaga nje. Bahari ilikuwa ng'ambo ya reli, karibu kiasi kwamba chumvi ilitanda kwenye vioo, lakini aliijua kwa upenyo wa pazia tu. Duke na Mabel wakitolewa matembezi, alikimbilia mlangoni pamoja nao, na Dot akamzuia kwa goti. Wakirudi na mchanga makuchani, Pepper alijilaza sakafuni akawanusa, mmoja mmoja.

Asubuhi, ndege zikinguruma juu na kufunika sauti zote, Vern aliketi naye akimfundisha.

"Anashika?" Dot aliuliza.

"Kumshinda Duke. Huyu ana akili. Sijui kaitoa wapi, si kwetu."

Jua lilipoanza kulegea, Gus, msimamizi wa kambi, alifika na kigari chake cha gofu. Hakushuka upesi. Hiyo ndiyo ilikuwa dalili mbaya.

"Vern."

"Gus."

"Lorraine anasema jokofu lako linakimbia huku na huku."

"Mazoezi. Daktari kaliagiza."

"Usinichezee, mzee. Wawili hawa hapa. Humo ndani kuna nani?"

Mkono wa Dot ukaganda mgongoni mwa Mabel. Vern aliitazama barabara, ile ambayo gari lake lisingeweza kuifikia.

"Wa tatu," alisema.

Gus alishusha pumzi. "Aina gani?"

"Mchanganyiko. Ni wa Denise. Yuko hospitali, na hana mwingine wa kumwachia."

"Anauma?"

"Mara moja. Nilimnyang'anya pankeki."

"Kuna aina kali siruhusu hapa, unajua. Fungua nimwone."

"Mlango ukifunguka tu atachomoka mpaka barabarani, Gus. Tutamwokota chini ya lori."

Gus alikuwa ameshashika kitasa. Akalifikiria hilo. "Basi nimsikie. Nimefuga tangu sijaota ndevu. Mbwa akinisemesha tu, namjua na ukoo wake."

Vern aligonga ubavu wa gari-nyumba. "Pepper. Ongea. Kama tunavyofanya asubuhi."

Ndege ikapita, ikamaliza kelele zake zote. Dot alikuwa amefumba macho.

Kisha kutoka ndani: "Wau. Wau-wau."

Duke aliinua masikio, akautazama ukuta, akamtazama Vern.

Gus alicheka mpaka akashika kitasa tena, safari hii asianguke. "Kijibwa chenye mafua. Huyo hata mwizi atamwonea huruma." Alitoa biskuti mfukoni, akaipenyeza kwenye ufa wa dirisha. Ikavutwa ndani. Akatega sikio mpaka aliposikia ikitafunwa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Nitasema ni mgeni. Lakini mnamfungiaje mchana kutwa? Pale mbele kuna ufukwe mzima wa mbwa. Mpeleke baharini akakimbie. Mnyama naye ana haki zake."

Kigari kilipopotea kwenye kona, Vern aliingia na kufunga mlango nyuma yake.

Pepper alikuwa ameketi kwenye kitanda cha juu, miguu inaning'inia, nusu ya biskuti yenye umbo la mfupa mkononi, makombo yamemganda midomoni.

"Babu," alinong'ona, "amesema sasa ninaruhusiwa kwenda baharini?"