Kizibo cha Divai Nyekundu

"Agathe, mwanangu, tukunywe ao tusikunywe?" baba yake aliuliza mara ya tatu, na sebule nzima pale mjini Pinetown ikamgeukia Agathe.

Glasi ilikuwa mkononi mwa Agathe, bado tupu. Kwa desturi yao, msichana huonja kwanza, kisha humpa baba. Baba akishameza, ameozwa.

"Hii iko divai ya kusini mwa Ufaransa," msemaji wa wakwe alijigamba. "Zabibu za namna tatu ndani ya chupa moja. Grenache ya utamu, syrah ya nguvu, mourvèdre ya kuzishikilia. Ndiyo ileile tuliyoleta siku ya dada yako."

Wanawake wakapiga vigelegele. Dada, mke wa kaka yake bwana harusi, hakupiga. Aliinama na chupa kumimina, amevaa mikono mirefu katika joto lile la kutoa jasho hata ukutani.

Mkono wa gauni ukapanda.

Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na alama za vidole, wekundu uliochanganyika na zambarau, rangi ileile iliyokuwa ikipanda ndani ya glasi.

"Yaya?" Agathe alimnong'oneza dada yake mkubwa.

Dada akashusha mkono wa gauni upesi. "Kunywa tu. Watu wanangoja."

Baba alikuwa ameshanyoosha mkono.

Agathe akaiweka glasi mezani, imejaa. Akamnyang'anya dada chupa, akaokota kizibo kwenye sinia. Kilikuwa kimevimba, kikakataa kuingia. Akakikandamiza kwa viganja vyote viwili mpaka kikaingia.