Vikapu vya Ng'ambo

Mungu alimjalia Ngedere nyanya nyingi, ila si chombo cha kuzipelekea sokoni. Mnana, msusi aliyekaa ng'ambo ya kijito, akamwita, "Jirani, vikapu ninavyo."

"Vya hapa hapa vinafumuka," Ngedere akajibu, kisha akamtuma Korongo: "Kaniletee vya ng'ambo."

Korongo akakawia siku tatu akila vyura njiani, na nyanya zikalainika.

Vikapu vilipofika, Ngedere akavipapasa. "Mnana, njoo ujifunze kazi."

"Nijifunze nini, bwana? Hivyo nimesuka mimi."

"Si ulisema ng'ambo?" Korongo akauliza. "Nami nimevuka kijito."

Ngedere akapekua nyanya, zote zimeoza. "Mola anisamehe, jirani. Nimeiharibu neema yake kwa kukudharau."

"Mola ni mwepesi wa kusamehe," Mnana akasema. "Mimi nipe siku mbili tatu."