Sentensi Moja Dirishani

Mama mwenye gauni la kijani aliirudia sentensi yake kwa mara ya nne, polepole, kila neno mahali pake: "Nataka kifo cha mume wangu kiandikwe kwa lugha ya hapa."

Aliisema kwa lugha ya mtoni, lugha ya wenyeji wa mji huu, na hapo ndipo penye balaa.

Karani wa dirisha namba tatu alimjibu kwa lugha ya serikali, kama alivyomjibu mara zote tatu za mwanzo. "Mama, fomu za lugha mbili zilifutwa. Soma hapo."

Hapo ni kwenye kioo, ulipobandikwa waraka kutoka mji mkuu, mwendo wa saa moja tu kwa basi. Ulisema mji huu hauna tena lugha mbili. Tangu ufike, vibao vyote vya mitaani, kuanzia darajani hadi sokoni, vilipakwa rangi nyeupe nusu ya chini, palipoandikwa lugha ya mtoni, na mtumishi akisikika akihudumia watu kwa lugha ya mtoni, kazi hana. Chini kabisa palikuwa na jina la mkurugenzi kwa herufi nene, bwana mkubwa ambaye watu wa mji huu walimjua kwa jina hilo tu. Karani alikuwa amekaa nyuma ya jina hilo miaka sita. Kila jua la mlangoni lilipopenya karatasi, alilisoma jina hilo kinyumenyume, apende asipende.

Mama hakuhangaika na waraka. Alikuja na basi la asubuhi kutoka huko huko mji mkuu, mkoba kifuani, kwa sababu kifo huandikwa katika mji aliozaliwa marehemu. Watu wa foleni walipompa pole kwa lugha ya mtoni, aliinamisha kichwa tu. Karani alidhani ni majonzi.

"Nataka kifo cha mume wangu kiandikwe kwa lugha ya hapa." Mara ya tano hiyo.

"Mama, unataka unga wangu umwagike?"

Mama alivuta kiti mbele ya dirisha, akakaa, akaweka mkoba mapajani kama mtu aliyehamia.

Nyuma yake fundi viatu, aliyekuja kuandikisha mjukuu, aliisukuma fomu yake chini ya kioo. "Basi na mjukuu wangu aandikwe hivyo hivyo."

Muuza samaki naye akarudisha yake. "Mimi nina siku nzima. Samaki wangu ndio hawana." Watu wakacheka, lakini hakuna aliyeondoka.

Karani aliona aibu, na aibu ile ikampanda mpaka ikawa hasira. Mwaka jana mama yake mzazi alizikwa kwa cheti cha lugha ambayo maisha yake yote hakuwahi hata kuombea maji, na aliyekigonga muhuri ni yeye. Akainuka. Akafungua kabati la chini, akasogeza mafaili, akatoa bunda la fomu za zamani alizoagizwa azichome na hakuzichoma. Akapangusa vumbi kwa mkono wa shati.

Kisha, mlango wa bosi ukiwa wazi, akasema kwa sauti, kwa lugha ya mama yake: "Pole sana, mama. Marehemu alikuwa anaitwa nani?"

Mama alimtazama tu, macho yamemtoka.

"Anakuuliza jina la mumeo," muuza samaki akamtafsiria kwa lugha ya serikali, naye ameshangaa.

"Samahani, mwanangu," mama akasema, kwa lugha safi ya serikali. "Nina sentensi ile moja tu. Alinifundisha kitandani, wiki yake ya mwisho. Nikikosea neno ananirudisha mwanzo, huku analia."

Akapitisha kitambulisho cha marehemu chini ya kioo.

Karani akaanza kunakili. Kwenye jina la pili kalamu ikasimama. Akainua macho, na pale kiooni, jua likiwa limepenya karatasi, jina lile lile lilikuwa likimtazama, kinyumenyume, kwa herufi nene.