Mshale wa Silasi

"Hapa ndipo pamba yenu inapopotelea," alisema Silasi, akigusa kioo cha kompyuta kwa kalamu. Palikuwa na mshale mdogo ulioelekea juu.

Mihayo, mkuu wa mizani katika kiwanda cha kuchambua pamba pale Bunda, aliutazama mshale, kisha akamtazama fundi. Hakumwamini hata kidogo. Kijana aliletwa juzi tu kutoka Musoma, na maswali yake yalizidi kazi. Jana aliulizia lori la Butiama hutoka siku gani. Kompyuta na lori wapi na wapi?

"Kwa hiyo mshale ndio umebeba magunia?" Mihayo alidakia. "Usituletee mazingaombwe."

Meneja Jilala alimnyamazisha kwa mkono. Kwenye benchi, Boke mtunza ghala alikuwa akilia. Kompyuta ilidai magunia ambayo ghalani hayakuwepo, na tangu soko liachiwe huria, kila mtu aliamini kayauza kwa wanunuzi binafsi. Polisi wangemchukua mchana. Mjane huyo alikuwa na watoto wadogo. Mihayo hakuthubutu kumtazama usoni.

Silasi alieleza taratibu. Programu iliandikwa kwa mashine ya zamani, ambako mshale ule ulimaanisha kusanya mistari yote ya siku. Mashine mpya ilijua lugha ileile, ila kwa lahaja nyingine: kwake mshale ni chukua mstari wa kwanza tu. Basi kila siku ilihesabu pamba iliyotoka ghalani asubuhi, ya jioni ikaiacha. Kwa hesabu yake, ile ya jioni ilikuwa bado ghalani.

"Na hiyo ndiyo kasoro yote?" Mihayo aliuliza.

"Yote, mzee."

Silasi akabonyeza. Hesabu ikalingana na ghala, hata gunia moja halikupungua.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Jilala alicheka. Boke alipiga kigelegele, akamkumbatia Silasi, akamkumbatia na Mihayo, machozi yakamlowesha shati.

Mihayo alisimama kama gogo. Haikuwezekana hesabu ilingane. Magunia tisa ya ghala lile yalikuwa nyumbani kwake Butiama, nyuma ya zizi, yakingoja mnunuzi.

Silasi alimpa mkono wa kwaheri, akamwinamia sikioni.

"Jumapili nitakuja Butiama kukusalimia, mzee. Mimi nachukuaga nusu."